Kusahau kwa wazee: Usiseme ni uzee kabla hajapimwa



Katika nyumba nyingi za hapa Kimara, kuanzia Baruti mpaka Temboni, yupo mzee ambaye wajukuu wameshamzoea kuwa "anasahau". Anauliza kama ameshaswali Adhuhuri, anajibiwa kuwa ameshaswali, na baada ya dakika tano anauliza tena. Anatia udhu, anakaa, kisha anainuka kwenda kutia udhu mwingine. Bibi anaweka chumvi kwenye mchuzi, anageuka kuchukua mwiko, akirudi anaweka tena. Watu wa nyumbani wanacheka kidogo, wanasema "uzee huo", na maisha yanaendelea.

Kicheko kinakwisha siku mzee anapomtuhumu mkamwana wake kuwa kamwibia pesa alizozificha mwenyewe chini ya godoro. Au siku anapotoka kwenda msikitini Alfajiri na kukutwa saa nne asubuhi amekaa kandokando ya barabara ya Morogoro, hajui nyumbani ni upande gani. Hapo maneno hubadilika. Wapo watakaosema amepatwa na jini, wapo watakaosema amerogwa, na wapo, Allah atuepushe, watakaosema kuwa yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Leo katika safu yetu tutazungumzia jambo ambalo familia nyingi hazilifikirii. Miongoni mwa mambo yanayoweza kuharibu kumbukumbu na akili ya mtu ni virusi. Baadhi ya virusi hivyo vina dawa, na dawa hiyo hutolewa bure. Mzee akiachwa kwa sababu tu watu wamekubaliana kuwa "ni uzee", huenda anaachwa na maradhi ambayo yangeweza kutibiwa.

Kusahau kupi ni maradhi?

Kila mtu husahau. Mtu wa miaka 70 akisahau jina la jirani kisha akalikumbuka jioni, hilo ni jambo la kawaida. Hata mzee mwenye afya njema anaweza kupotea Kimara akirudi baada ya kukaa mkoani miaka mingi, kwa sababu nyumba za kando ya barabara zilibomolewa mwaka 2017 na barabara ikapanuliwa kuwa ya njia nane mpaka Kibaha. Alama alizozizoea hazipo tena.

Maradhi ni pale mtu anapopotea katika mtaa anaoishi kila siku. Ni pale anapouliza jambo lile lile mara kumi, anaposhindwa kuhesabu chenji wakati alikuwa mfanyabiashara, anapochanganya rakaa katika kila swala, anaposahau kula, au tabia yake inapobadilika na kuwa mtu mwingine. Hali hii ikiendelea kwa miezi na kumzuia mtu kujitegemea, madaktari huiita demensia. Si jina la ugonjwa mmoja. Ni hali inayoweza kuletwa na magonjwa mengi: ugonjwa wa Alzheimer, kiharusi, presha na kisukari vya muda mrefu, pombe, upungufu wa baadhi ya vitamini, na pia maambukizi.

Wapo wanaodhani kuwa haya ni maradhi ya Wazungu. Watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa takriban asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Hiyo ni zaidi ya mzee mmoja katika kila wazee 20. Kwa hiyo katika safu mbili tatu za wazee msikitini siku ya Ijumaa, huenda yupo mwenye hali hii, na huenda hakuna aliyewahi kumpeleka hospitali.

Kirusi cha UKIMWI na ubongo

Katika virusi vyote, kile ambacho hakuna shaka kuwa huharibu akili ni kirusi cha UKIMWI, yaani VVU. Wengi tunajua kuwa VVU hushambulia kinga ya mwili. Wachache wanajua kuwa kirusi hiki huingia katika ubongo mapema, ndani ya wiki chache tu tangu mtu aambukizwe, kikibebwa na chembechembe nyeupe za damu. Kikifika huko hakizishambulii moja kwa moja seli za fahamu. Hukaa ndani ya seli za ulinzi za ubongo, na seli hizo hutoa sumu na kuleta uvimbe wa muda mrefu. Uvimbe huo ndio unaozichakaza seli za fahamu kidogo kidogo.

Dalili zake hutofautiana kidogo na kusahau kwa kawaida kwa uzeeni. Mtu huwa mzito: mzito wa kufikiri, mzito wa kujibu, mzito wa kutembea. Mikono hukosa wepesi, anaangusha kikombe, anahangaika kufunga vifungo vya kanzu. Hamu ya mambo inaondoka, hataki kuzungumza, hajali. Watu wanasema "amezubaa".

Jirani zetu wa Uganda walilichunguza jambo hili mapema. Utafiti uliofanywa katika kliniki moja ya UKIMWI mjini Kampala, na kuchapishwa mwaka 2007, ulikuta kuwa asilimia 31 ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na demensia iliyotokana na VVU. Wakati ule dawa zilikuwa bado hazijawafikia wengi. Lakini huko huko Kampala, utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2006 ulikuwa umeshaonyesha kuwa wagonjwa walioanza kutumia ARV walipata nafuu ya akili ndani ya miezi mitatu hadi sita. Ndugu msomaji, hapo ndipo penye uzito. Ni demensia chache ambazo mgonjwa akipewa dawa, akili inarudi nyuma kutoka kwenye giza. Hii ni mojawapo.

Kipimo kilichotumika Kampala hakihitaji mashine wala mgonjwa kujua kusoma. Mgonjwa hutajiwa maneno manne ayakumbuke. Kisha hutakiwa kugonganisha kidole gumba na cha shahada haraka haraka kwa sekunde tano. Halafu hufuata mtiririko wa mkono: ngumi juu ya meza, kiganja kilichofunguliwa, kisha ubavu wa kiganja, arudie kwa sekunde 10. Mwisho huulizwa yale maneno manne. Dakika chache zinatosha kumwonyesha mhudumu kuwa mtu huyu anahitaji uchunguzi zaidi.

"Mzee wetu? Haiwezekani!"

Tatizo letu kubwa ni haya. Kijana akikonda na kuhara, jamaa watamshauri akapime. Mzee wa miaka 65, mwenye ndevu nyeupe na tasbihi mkononi, akianza kuzubaa, hakuna anayethubutu kutaja kipimo cha VVU. Inaonekana ni kumvunjia heshima.

Lakini tuangalie hesabu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Aliyeanza dawa wakati huo akiwa na miaka 45 sasa ni mzee, alhamdulillah, na anaishi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na wazee wamo. Wapo walioambukizwa katika ndoa za halali. Wapo wajane walioolewa tena na wazee waliooa tena bila yeyote kupima. Wapo walioambukizwa wakimuuguza mgonjwa, au kwa wembe uliotumiwa na watu wengi. Kupimwa si kumtuhumu mtu kuwa alizini. Ni kutafuta sababu ya maradhi, kama vile anavyopimwa sukari.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu apimwe kwa ridhaa yake na majibu yake yawe siri. Kwa hiyo asidanganywe mzee kuwa anapimwa malaria. Azungumziwe kwa upole na yule anayemwamini zaidi, awe mwanawe mkubwa, nduguye au mkewe. Kama akili imeshapungua kiasi cha kutoelewa, familia izungumze na daktari kuhusu nani atoe ridhaa kwa niaba yake.

Kwa wazee ambao tayari wanatumia ARV kuna hatari nyingine. Mwenye kusahau husahau pia dawa. Akisahau dawa, virusi huongezeka. Virusi vikiongezeka, ubongo huumia zaidi, na kusahau kunazidi. Mduara huu huvunjwa na mtu mmoja tu ndani ya nyumba anayejua siri na anayesimamia kidonge kila siku. Kukifungamanisha na swala moja, kwa mfano mara tu baada ya Isha, kunasaidia sana. Na kama mzee amepungukiwa kumbukumbu japokuwa anameza dawa vizuri, aelezwe daktari wa CTC, kwani hilo pia hutokea na linahitaji kuangaliwa.

Mkanda wa jeshi

Kirusi cha pili cha kukizungumzia ni kile kinacholeta tetekuwanga kwa watoto. Tetekuwanga ikipona, kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kando ya uti wa mgongo na kulala humo miaka mingi. Kinga ikipungua kwa uzee au kwa maradhi, huamka na kutoka kwenye ngozi kama malengelenge yenye maumivu makali, upande mmoja wa mwili, mfano wa mkanda. Ndio mkanda wa jeshi. Wapo wanaosema kuwa mkanda ukizunguka na kukutana mtu hufa, wakapaka majivu na kila aina ya dawa. Maneno hayo hayana ukweli. Lakini mkanda wa jeshi kwa kijana au mtu wa makamo ni alama ambayo wahudumu wa afya wanaifahamu: apimwe VVU.

Je, una uhusiano gani na akili? Kirusi hiki kinaweza kuleta uvimbe katika mishipa ya damu inayolisha ubongo, na miezi ya mwanzo baada ya mkanda wa jeshi uwezekano wa kupata kiharusi huongezeka. Ushahidi wenye nguvu zaidi umetoka Wales, Uingereza. Tarehe 1 Septemba 2013 serikali ya huko ilianza kutoa chanjo ya mkanda wa jeshi kwa wazee, lakini kwa waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1933 au baada ya hapo tu. Waliozaliwa kabla ya siku hiyo hawakupewa kabisa. Kwa hiyo wakapatikana watu wa makundi mawili wanaofanana kwa kila kitu, waliotofautiana kwa wiki chache tu za kuzaliwa. Watafiti wakawafuatilia kwa miaka saba. Matokeo yaliyochapishwa mwezi Aprili 2025 yalionyesha kuwa waliochanjwa walipata demensia pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko wasiochanjwa, na wanawake walifaidika zaidi.

Chanjo hiyo si miongoni mwa zile zinazotolewa bure kwenye zahanati zetu. Lakini tunapata funzo: kirusi kilicholala mwilini kinaweza kuudhuru ubongo, na kukizuia kunaweza kuulinda. Mzee akitokwa na mkanda wa jeshi, asikae nyumbani. Dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya siku tatu tangu vipele vitokee. Kama vipele viko karibu na jicho, aende siku hiyo hiyo.

Virusi vingine

Kipo kirusi cha malengelenge ya midomoni, ambacho watu wengi sana duniani wanacho. Mwaka 1991 watafiti wa Manchester, Uingereza, wakiongozwa na Ruth Itzhaki, walieleza kuwa wamekuta chembe za urithi za kirusi hiki ndani ya bongo za wazee waliofariki. Tangu hapo wanasayansi wanabishana kama kinachangia ugonjwa wa Alzheimer. Jaribio lililofanywa Marekani la kuwapa wagonjwa dawa ya kirusi hicho lilitoa majibu mwaka 2025: dawa haikupunguza kasi ya ugonjwa. Kwa hiyo mtu asije akakimbilia duka la dawa kumnunulia mzee vidonge vya malengelenge akidhani atamrudishia kumbukumbu.

Surua nayo ina balaa lake. Kwa watoto wachache, miaka kadhaa baada ya surua kupona, kirusi kilichobaki kwenye ubongo huanza kuuharibu. Mtoto aliyekuwa akifanya vizuri shuleni na madrasa husahau alichohifadhi, hupata mishtuko ya viungo, na mwisho wake kwa kawaida huwa mauti. Kinga yake ni chanjo ya miezi 9 na ile ya pili ya miezi 18. Kina mama wengi hukamilisha ya kwanza na kuisahau ya pili. Tuangalie kadi za watoto wetu leo.

Ama mafua makali, nimonia na korona, utafiti uliotolewa mwaka 2023 kwa kutumia kumbukumbu za hospitali za Finland na Uingereza ulikuta kuwa watu waliolazwa kwa maambukizi makali ya virusi, hasa yaliyovimbisha ubongo na mafua yaliyoingia mapafuni, walipata zaidi magonjwa ya ubongo baadaye. Hilo halithibitishi kuwa mafua huleta demensia. Linatutosha kutuambia kuwa maradhi makali kwa mzee si jambo la kusubiri mpaka Jumatatu.

Tufanye nini?

Kwanza, tutofautishe ghafla na polepole. Mzee aliyekuwa mzima jana na leo anaweweseka, hajui alipo, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa malaria, sukari iliyoshuka, maambukizi ya mkojo, kiharusi au uvimbe wa ubongo. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Pili, kwa kusahau kunakokuja polepole, tuanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu. Apimwe presha, sukari, wingi wa damu, VVU na kaswende, kwani kaswende ya zamani nayo huharibu akili na ina dawa. Apimwe masikio na macho. Tumuulize daktari kuhusu dawa zote anazotumia, na kama aliwahi kuanguka na kujigonga kichwa. Ikibidi atapewa rufaa ya Muhimbili, Upanga au Mloganzila upande wa Kibamba. Aende na mtu anayeishi naye, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi atasema hana tatizo.

Tatu, usafi wa nyumbani. Maji Kimara tumeyahangaikia miaka mingi, ingawa matangi makubwa ya maji ya Ruvu Juu yako hapa hapa kwetu. Hata siku ya maji ya dumu, mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, isitumbukizwe wote kwenye beseni moja. Mwenye mafua asimlishe mzee bila kufunika pua na mdomo. Madirisha ya chumba cha mzee yafunguliwe. Mswaki, au mswaki wa mti, uwe wa mtu mmoja. Wembe usichangiwe kwa kunyoa. Anayepigwa hijama ahakikishe kuwa wembe ni mpya umefunguliwa mbele yake na vikombe havikutoka kwenye damu ya mtu mwingine.

Nne, tulinde ubongo kwa mengine. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilisema mwaka 2024 kuwa karibu nusu ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, yakiwemo presha, kisukari, sigara, pombe, kutosikia vizuri, upweke na kukosa elimu. Virusi ni sehemu moja tu ya hesabu.

Tano, mzee aliyekwishapata demensia asitengwe. Huko Hai vikundi vya wazee waliokutanishwa kwa mazungumzo, michezo na kukumbushana mambo vilionyesha kuwasaidia. Kwetu sisi baraza la msikiti na darsa vinaweza kufanya kazi hiyo. Mzee mwenye kuchanganya rakaa aswali pembeni ya mtu wa kumfuata. Asikemewe mbele za watu. Wanachuoni wanatufundisha kuwa aliyeondokewa na akili hana lawama, basi familia imuulize sheikh wake kuhusu swala na funga kabla ya kumlazimisha. Na asiachwe kuivuka peke yake barabara ya Morogoro. Awekewe namba ya simu ya mwanawe kwenye mfuko wa kanzu.

Qur'an, katika Surat Bani Israil, imetuamuru wema kwa wazazi hasa wanapofikia uzee, na Surat Nahl imetukumbusha kuwa wapo watakaorudishwa kwenye umri dhaifu hata wasijue walichokuwa wakikijua. Ruqya na dua tusiache, lakini visiwe sababu ya kuacha kipimo cha damu. Ukirudi nyumbani leo mtazame mzee wako vizuri, na kama yapo tuliyoyataja, mpeleke wiki hii.

Wabillahi tawfiiq.